Ramani ya Sahani za Mtaa Wetu

Binti wa dada yangu anaingia sekondari ya juu, na shule aliyopangiwa imeongeza somo la utangulizi wa sosholojia. Ameniandikia kwenye simu kuniuliza atarajie nini. Nilianza kumjibu kwa adabu zote za mama mdogo: utajifunza jamii ni nini, utajifunza kaida na hadhi, utajifunza kuhoji watu na kuandika ulichosikia. Nikausoma ujumbe wangu, nikaona unanuka vumbi la ubao, nikaufuta. Nikamwandikia: tarajia kuona haya. Akanirudishia alama tatu za kuuliza. Basi nimekaa nimweleze yaliyotupata sisi, maana kwa ufupi hayaelezeki.

Wakati wetu somo hilo halikuwamo kwenye orodha ya masomo. Lilikuja na mwalimu mmoja wa kike kutoka bara, aliyeletwa shuleni kwetu Lamu mwezi wa Januari kufundisha historia kidato cha tatu. Alikuwa mrefu, anatembea haraka kwenye vichochoro ambavyo hakuna mtu anayetembea haraka, na punda, yeye ndiye aliyewapisha badala ya wao kumpisha. Sisi wasichana tulimcheka kidogo. Wiki ya tatu alimwomba mkuu wa shule ampe Jumatano alasiri kwa kipindi cha hiari. Akatangaza mstarini kwamba atafundisha sosholojia, halina mtihani, halina cheti, anayetaka aje. Tulikwenda kumi na mmoja. Sitajidai kwamba nilikuwa na kiu ya elimu. Aliyekosa kwenda alipelekwa uwanjani kucheza netiboli juani.

Siku ya kwanza nilifungua daftari nikingoja maana ya neno. Ndivyo tulivyozoea, mwalimu anaandika maana, sisi tunainakili, mwisho wa muhula tunaitapika. Yeye hakuandika kitu. Alisema tuandike mambo matano ambayo hapa Lamu kila mtu anayajua na hakuna aliyewahi kutufundisha. Mwenzetu wa Kizingitini, aliyekuwa akilala bwenini, ndiye aliyeanza: mwanamke akipita mbele ya baraza lenye wanaume hushika ukuta wa pili. Mimi nikaandika kwamba mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, huondoka, hapigi ya nne.

"Nani alikwambia?" Mwalimu akaniuliza.

Nikafikiri. Nilijua ni mambo ya dini pia, lakini nilikuwa nikiyafanya kabla sijaingia chuo cha Kurani kusoma hata juzuu moja. "Hakuna aliyeniambia, Mwalimu. Ndivyo ilivyo."

"Hiyo 'ndivyo ilivyo' ndiyo somo lenyewe," akasema, akafurahi hasa, kama mtu aliyepata pete yake iliyopotea. Ndipo akaandika ubaoni neno kaida, na chini yake: jambo usiloliona mpaka mtu alivunje. Nilirudi nyumbani nikiutazama mtaa wetu na kuona kila hatua ina sheria. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kunirudisha nyumbani kwangu mwenyewe nikapaona papya.

Kazi ya pili ilitushinda wote, isipokuwa mmoja. Alitupa maswali sita, kila mtu akahoji nyumba moja isiyo yake: mnalala wangapi, nani hupika, nani huamua mtoto asome wapi, na mengine ya namna hiyo. Jumatano iliyofuata tulirudi na madaftari meupe. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa jirani wa nyumba ya tatu. Nikaamkia, nikaulizwa hali ya bibi, hali ya mama, hali ya goti la bibi, hali ya mjomba aliye Mombasa, nami nikauliza za kwao mmoja mmoja. Ikaja chai, zikaja tambi za sukari. Kila nikitaka kutoa karatasi, naona ni ufidhuli kumuuliza mtu nani huamua nyumbani kwake na tambi zake ziko kinywani mwangu. Mwadhini akaadhini, nikaaga. Wenzangu wote hadithi zao zilikuwa hiyo hiyo, tofauti ni vyakula tu. Mwenye majibu sita alikuwa msichana mmoja wa Kililana, ambaye wazazi wake ni wakulima waliotoka bara. Alikuwa ameuliza, akajibiwa, akashukuru, akaondoka, dakika kumi. Sisi tukamwona hana adabu na tukamwambia hivyo.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema hakuna aliyefeli. Yule wa Kililana ameleta majibu, sisi tumeleta kitu kilichotuzuia kuuliza, nacho ni jibu pia, tena kubwa. Akatutaka tukiandike vizuri: kilitushika wapi, kwa neno gani, mbele ya chakula gani. Niliandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Hapo ndipo nilipompenda.

Kazi kubwa ilikuwa ya muhula wa pili. Kila mmoja achore ramani ya mtaa, lakini asichore nyumba tu, achore kinachopita kati ya nyumba na nyumba. Mmoja alichagua salamu. Wa Kizingitini alichagua samaki, nani humpa nani na nani hununua. Mimi nilichagua sahani.

Kwetu mtu akipika kizuri hakili peke yake. Hutia kwenye sahani, hufunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, hupeleka kwa jirani. Sahani haioshwi ikarudi hivi hivi. Hukaa siku mbili tatu mpaka mwenye kupewa naye apate cha kutia, kikiwa kidogo kiwe kidogo, mayai mawili, ndimu, hata sukari mkono mmoja. Ramadhani ndiyo hasa wakati wake, baada ya alasiri vichochoro vyote huwa ni makawa yanapishana. Ili zisipotee, wanawake hutia alama chini ya sahani kwa rangi ya kucha. Ya bibi yangu ilikuwa nukta tatu nyekundu. Mtu akikurudishia sahani tupu anakwambia usimletee tena, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Nilizunguka wiki mbili jikoni kwa watu, nikigeuza sahani chini juu na kuuliza hii ya nani, ilikuja lini, wewe ulipeleka nini. Safari hii nilijibiwa, maana sahani si siri na kila mwanamke ana la kusema juu ya mapishi ya mwenzake. Nikapata nyumba kumi na nne. Nikachora nyuma ya kalenda kuukuu, mishale ya bluu ikienda, myekundu ikirudi. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, niliitundika ukutani niitazame. Ndipo nikauona mlango mmoja wenye mshale wa bluu ukiingia na hakuna mwekundu unaotoka.

Kilikuwa chumba cha chini cha nyumba ambayo mwenyewe haishi humo, kimepangishwa. Mpangaji wake alikuwa mwalimu wetu.

Na sahani ile, niliyoichora kwa kufuata hesabu ya bibi bila kufikiri, nilikuwa nimeipeleka mimi. Ramadhani mwaka huo iliangukia muhula wa kwanza, naye alikuwa mgeni. Bibi alinipa kaimati na vipande vya mkate wa sinia nimpelekee. Mwalimu alifungua, akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza mara mbili kama kweli ni yake. Siku ya pili alasiri akaileta mwenyewe mlangoni kwetu, imeoshwa ikang'aa, imefungwa kwenye kitambaa safi. Akashukuru, akaenda zake. Nikafungua kitambaa, hamna kitu. Nikampelekea bibi sahani imegeuzwa chini juu, makusudi, nimchekeshe.

"Merejesha tupu?" bibi akauliza.

"Tupu, bibi. Hata punje ya sukari."

"Haya," akasema. "Basi hataki zetu."

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini mimi nilikuwa na mdomo, na bado ninao. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiieleza sahani ile, nikiigiza ule mkono wake unaotoa kitambaa, na watu wakacheka. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba mwalimu wa bara anaringa. Hakuna sahani iliyokwenda kwake tena Ramadhani ile, wala siku ya Idd. Nilikuwa nimeyasahau kabisa mambo hayo. Yalinirudi nikiwa nimesimama mbele ya kalenda.

Siku mbili kabla ya kuwasilisha kazi zetu, nilitumwa chumba cha walimu kuchukua madaftari. Mwalimu alikuwa amekaa na mwenzake, mbele yao fomu ya kuomba uhamisho. Hakuniona. Alikuwa akisema, bila hasira, "Ni watu wazuri, siwezi kusema uongo. Lakini hawanitaki. Nimekaa nusu mwaka, hakuna mtu hata mmoja ameingia kwangu akaketi. Mwisho wa muhula nitaondoka." Nilichukua madaftari nikatoka. Akiondoka, Jumatano zetu zinakufa, maana hakuna mwalimu mwingine aliyelijua somo lile wala aliyelitaka. Na sababu ya kuondoka kwake nilikuwa nayo mimi, imechorwa kwa rangi mbili.

Nilifanya alichofanya kila mwoga tangu dunia iumbwe. Nilichora ramani nyingine, ya nyumba kumi na tatu. Nilijiambia namsitiri mwalimu, na namsitiri bibi. Aliyesitirika hapo ni mimi peke yangu. Hata hivyo ile ya kwanza sikuweza kuichana, niliikunja nikaitia mkobani.

Siku yenyewe nilibandika ramani ya uongo ubaoni, nikaieleza vizuri, wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu alikuja karibu. Akaufuata mtaa kwa kidole, mlango kwa mlango, kuanzia kona ya msikiti. Kidole kikafika kati ya nyumba ya fundi seremala na nyumba yetu, kikasimama. Sikuwa nimelifikiria hilo, mjinga mimi. Mtu huujua mlango wake.

"Kwangu hapamo," akasema. Alisema polepole, na nikaona amekwisha kulijibu mwenyewe moyoni: ndiyo, hata watoto ninaowafundisha hawanihesabu. Uso ule ulinishinda. Nikafungua mkoba, nikatoa kalenda, nikaibandika juu ya ile nyingine.

Akaweka kidole juu yake. "Huu mshale ulioingia umetoka nyumba gani?"

"Yetu, Mwalimu."

"Na wa kurudi uko wapi?"

"Sahani ilirudi tupu."

"Watu walisemaje?"

"Walisema unaringa."

"Nani alisema kwanza?"

Nje niliwasikia wanaocheza netiboli. "Mimi," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote.

Angeweza kunitoa nje. Angeweza kulia yeye, au kutuhubiria. Nimefundishwa na watu wengi baadaye, wengine wana vyeo virefu, na sijamwona aliyefanya alichofanya yeye saa ile. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya darasa, akakaa, akaweka mikono mapajani. "Somo letu ni kuuliza," akasema. "Nihojini."

Tuliinamia madaftari. Tulikuwa watoto wa watu wenye adabu zao. Ni yule msichana wa Kililana, tuliyemwita hana adabu, aliyeinua mkono. "Mwalimu, kwa nini hukutia kitu kwenye sahani?"

"Nilitia," Mwalimu akasema. "Hata kwetu chombo hakirudi kitupu. Mama yangu angenifukuza. Nilipika chapati, nikazipanga, nikazifunika, nikatoka nazo. Nilipofika mlangoni kwa akina huyu, nikasimama. Nikawaza, hawa wamefunga, mimi si Mwislamu, hawajui sufuria yangu imepikiwa nini wala mafuta gani. Wakila, watakula kwa kunionea haya. Wasipokula, itabidi wazitupe, nao ni watu wasiotupa chakula. Nikaona nisiwatie kwenye mtihani huo. Nikarudi, nikazitoa, nikaosha sahani tena." Akaitazama kalenda. "Zile chapati nilizila peke yangu siku tatu."

Nilitamani sakafu ipasuke. Kumbe mtu yule alisimama nje ya mlango wetu, na kawa mkononi, akituheshimu, na sisi ndani tukingoja kuheshimiwa. Mwalimu aliinuka, akatutaka tuandike kilichotokea pande zote mbili, bila kumhukumu mtu, wala yeye wala bibi yangu. Alama zangu alizikata kwa ramani ya uongo, akaniandikia pembeni kwa wino mwekundu: umepunguza ukweli. Kwa ile ya kalenda alinipa zote. Lakini kuhusu fomu yake hakusema lolote, nami sikuthubutu kuuliza.

Nyumbani nilimkuta bibi ukumbini anachagua mchele. Nikamweleza yote nimesimama, hata ile sehemu yangu. Hakuinua kichwa.

"Na ulimi wake ulikuwa na nini?" akasema. "Kwani hakuuliza?"

"Na wewe hukuuliza, bibi."

Nilikuwa tayari kwa kofi. Bibi yangu hakuwa mtu wa kujibiwa, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Aliendelea na mchele, akitoa chuya moja moja, mpaka ungo ukaisha. Kisha akanituma chumvi, na jambo hilo hakulitaja tena siku hiyo wala ya pili yake. Nikajua nimekwisha kumpoteza mwalimu.

Ijumaa baada ya alasiri alivaa buibui lake. "Ndoo," akaniita kwa mkono. "Twende kwa mwalimu wako."

Nikakimbilia jikoni. "Tumpelekee nini, bibi? Kuna viazi vya nazi, kuna—"

"Wata. Leo hatupeleki kitu," akasema, akinizuia. "Leo twenda kula."

Mtu asiyetujua hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Bibi yangu tangu nimjue hakuwahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, wala kwenda kula asikoalikwa. Alitembea njia nzima bila kawa, bila bahasha, na wanawake madirishani wakamwona. Alipiga hodi mara moja. Mwalimu alifungua, akashika fremu ya mlango.

"Hatukuya kukaa sana," bibi akasema, akiingia. "Nimeambiwa wapika chapati."

Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, meza, jiko la gesi pembeni. Mezani palikuwa na vitabu, na juu ya vitabu ile fomu, imejazwa yote. Mwalimu alianza kukanda unga. Bibi alikaa kwenye kiti pekee, akamtazama kazi yake toka mwanzo, kisha akauliza lile swali ambalo mtaa mzima ulikuwa na adabu ya kutouliza.

"Wapikia mafuta gani?"

"Ya alizeti, Bi."

"Na chombo hiki hungia nyama gani?"

"Ya ng'ombe. Nanunua kwa huyu mchinjaji wa hapa karibu na soko."

"Ndiko nami ninunuako," bibi akasema. "Basi wewe na mimi twala nyama moya. Haya, lete."

Alikula mbili, bila haraka. Alisema unga ungepumzika zaidi, chapati zingekuwa laini zaidi, na Mwalimu akasema ndiyo, Bi. Nami nilikula. Kisha bibi akajifuta mikono, akainuka, akasema amtilie nyingine za kupeleka nyumbani.

Mwalimu alizitia kwenye sahani yake, kisha akaitazama fomu pale mezani. "Bi," akasema, "ni vizuri niwaambie. Mwisho wa muhula naondoka. Naomba uhamisho."

Bibi naye aliitazama. Hakuuliza kwa nini, wala hakuomba radhi, hakuwa na tabia hiyo. Alinyoosha mkono kuipokea sahani.

"Na sahani yako," akasema, "twende tukurejeshee wapi?"

Mwalimu alikuwa ameishika upande wake, bibi ameishika upande wake, chapati katikati zinatoa mvuke. Sikumwona mtu yeyote akilia. Nililia mimi tu, tena kwa sauti.

"Hapa hapa, Bi," Mwalimu akasema mwishowe. "Mnirudishie hapa hapa."